Kuhitimu, kufuzu na umilisi: Cheti cha shule ya upili ni shahidi au ni chujio?

Ukifungua kamusi, kware ni ndege wa vichakani, wa jamii ya kuku. Ukimtajia mkazi wa Kajiado jina hilo, ndege huyo hatamjia akilini. Atakuuliza: Kware ya wapi? Ya Ongata Rongai au ya huku Kitengela? Kware yake ni machimbo ya mawe ya ujenzi, neno ambalo wafanyakazi walilichukua kwenye Kiingereza, wakalitia irabu, likawa lao. Kiswahili kilikuwa na neno 'timbo' kwa maana hiyohiyo tangu zamani, lakini hakuna aliyelialika.

Katika kware, na kwenye mijengo inayolishwa na mawe yake, upo utaratibu mzima wa kupima ujuzi. Kijana huanza akiwa 'mtu wa mkono'. Anachanganya saruji, anabeba mawe ya tisa kwa tisa na tisa kwa sita, anamshikia fundi uzi. Akikaa na kuishika kazi, anaachiwa kona aijenge mwenyewe. Ukuta ukikubaliana na timazi na pima maji mara ya kwanza, ya pili na ya kumi, watu wanaanza kumwita fundi. Hakuna anayemdai barua. Mashahidi wake ni ukuta na wale waliomwona akiujenga.

Fundi huyohuyo akienda kuomba kazi katika viwanda vya Athi River, au akitaka kuandikwa na kampuni kubwa ya ujenzi, swali la kwanza ni: 'Makaratasi iko?' Msahihishaji wa sarufi atakunja uso, ila swali limeeleweka. Inatolewa bahasha ya kaki. Ndani yake mna cheti cha Kidato cha Nne chenye orodha ya masomo, herufi mbele ya kila somo, na herufi moja kubwa ya jumla. Ikiwa herufi hiyo ni D+, mazungumzo aghalabu huishia hapo. Mikono yake haikuulizwa neno.

Makala haya yanauliza swali jepesi kulitamka: Serikali ya Kenya ikimpa kijana cheti cha shule ya upili, inasema nini hasa kumhusu? Jibu langu ni kwamba tangu enzi ya ukoloni cheti hicho kimetwishwa kazi mbili zisizopatana. Ya kwanza ni kushuhudia: huyu anajua hiki na anaweza kufanya kile. Ya pili ni kuchuja: nafasi ni chache, basi huyu aingie na yule abaki nje. Mageuzi mengi ya elimu yamebadilisha jina la mtihani, lakini kazi hizo mbili zimeachwa ndani ya karatasi moja. Hivi sasa tumo katika mageuzi mengine, na maneno tunayoyatumia yana mengi ya kutufunza kabla hatujarudia kosa lilelile.

Kuhitimu si kufuzu

Tuanze na maneno mawili ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba ni pacha. 'Kuhitimu' limetokana na Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutia muhuri na kukamilisha. Ndugu yake ni 'hitima'. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto alihitimu alipousoma msahafu hadi mwisho. Hata neno 'chuo' lenyewe lilikuwa na maana ya kitabu kabla ya kuwa jina la mahali vitabu vinaposomwa, na hatimaye likapanda cheo hadi chuo kikuu. Aliyehitimu alikuwa amefika mwisho wa jambo. Hakuhitajika kumshinda aliyeketi naye mkekani.

'Kufuzu' nalo ni neno la Kiarabu, ila asili yake ni kushinda, kutia fora. Penye kufuzu lazima pawe na anayeshindwa. Watoto arobaini wanaweza kuhitimu wote siku moja bila mmoja kumnyima mwenzake kitu. Arobaini hao hawawezi kushinda wote. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya mitihani yetu, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya jinsi kufuzu kulivyokumeza kuhitimu.

Waliosoma mbele zaidi katika vituo kama Riyadha ya Lamu, ulioanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, waliweza kupewa ijaza. Hiyo ni idhini ambayo mwalimu anampa mwanafunzi afundishe kitabu fulani au elimu fulani, pamoja na kutajiwa mnyororo wa walimu waliotangulia. Ijaza ilimtaja mwalimu na ilitaja kilichosomwa. Mwanafunzi akipotosha, sehemu ya aibu inamrudia aliyemshuhudia. Ndiyo maana neno tunalolitumia leo kwa digrii, 'shahada', ni jamaa wa shahidi, ushahidi na kushuhudia. Mwenye shahada ni mtu aliyetolewa ushahidi.

'Cheti' lilifika kwa njia nyingine. Chimbuko lake ni Bara Hindi, ambako 'chitthi' ni barua au kijikaratasi cha ujumbe. Zamani cheti kilikuwa kikaratasi anachopewa mtu apeleke mahali: mpe huyu kilo mbili za mchele, mruhusu huyu apite. Maana hiyo ya kale ina faida kwetu, kwa sababu inatukumbusha kwamba kila cheti ni ujumbe. Mtu wa kwanza anamwandikia wa pili kuhusu wa tatu. Kwa hiyo tunapoletewa cheti chochote tunaweza kuuliza: Nani ameandika? Anamwandikia nani? Anasema nini?

Kipande shingoni, karatasi kutoka Cambridge

Karatasi ya mwanzo ambayo dola ya kikoloni iliitumia kuwaeleza wafanyakazi Waafrika kwa wingi haikutoka shuleni. Ilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa ukali baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijikebe cha bati. Kiliandikwa jina, alama za vidole, mwajiri, aina ya kazi, mshahara na tarehe ya kuachishwa.

Tuulize maswali yetu. Aliyeandika ni mwajiri. Aliyeandikiwa ni mwajiri wa pili, pamoja na polisi. Kilichosemwa ni mahali mtu huyo alipokuwa na pesa alizolipwa. Mwashi aliyejenga kwa miaka kumi alibeba kipande kilichomwambia bwana mpya asizidishe mshahara, lakini hakikuweza kusema kwamba kuta zake husimama wima. Kilikuwa cheti kilichomfunga mwenye nacho badala ya kumfungulia njia.

Shuleni nako, wakoloni walipanga mitihani kwa rangi: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliweka mfumo wa miaka minne, minne na minne kwa Waafrika. Baada ya miaka minne ya kwanza palikuwa na mtihani wa mchujo, na watoto wengi waliishia hapo. Waliobakia walikutana na mwingine mwisho wa darasa la nane, ule wa KAPE. Wachache mno ndio waliofika Alliance, Mang'u au Maseno na kufanya mtihani wa Cambridge.

Maswali ya Cambridge yalitungwa Uingereza, na majibu yakapelekwa huko kusahihishwa. Matokeo yalisubiriwa kwa miezi. Mtahiniwa aliyeanguka Kiingereza aliweza kukosa cheti hata akiwa ameng'ara katika masomo mengine. Aliyeandika ujumbe huo ni mtahini ambaye hakuwahi kumtia machoni mtahiniwa. Aliyeandikiwa ni Makerere, chuo pekee cha hadhi hiyo Afrika Mashariki kwa muda mrefu, pamoja na ofisi za serikali. Ujumbe ulikuwa: huyu anafaa kupanda ngazi inayofuata. Kuhusu wale ambao hawakufaa ngazi hiyo, karatasi ilikaa kimya. Si ajabu kwamba neno 'mtihani' katika Kiswahili lina maana mbili, ya maswali ya darasani na ya majaribu yanayompata mtu maishani. Kwa kizazi hicho maana hizo mbili zilikuwa moja.

Mnamo mwaka 1959 jambo lilitokea ambalo liliutikisa uhakika wa kipimo hicho. Tom Mboya na wenzake walikodi ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani, na wengine mamia wakafuata miaka michache baadaye. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la mwaka 1960. Wengi wa vijana hao hawakuwa na cheti cha juu ambacho njia ya Waingereza ilikidai kabla ya kuingia chuo kikuu. Maafisa wa kikoloni walizitilia shaka hata digrii ambazo wangerudi nazo. Hata hivyo vyuo vya Marekani viliwapokea, wakasoma, wakafuzu, na wengi wao wakaja kushika taasisi za nchi huru.

Funzo lake halikuwa kwamba mitihani haina maana. Lilikuwa kwamba kuwa tayari kwa chuo kikuu si sifa iliyo ndani ya mwanafunzi peke yake. Kunategemea pia idadi ya milango iliyo wazi. Kijana yuleyule aliyeonekana hafai Nairobi alionekana anafaa ng'ambo ya bahari, na akili yake haikuwa imebadilika ndani ya ndege.

Mitihani yarudi nyumbani

Baada ya uhuru mitihani ya kibaguzi iliunganishwa, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaweka elimu ya taifa moja. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki ili Kenya, Uganda na Tanzania ziachane na Cambridge hatua kwa hatua. Ndipo zikaja EACE kwa Kidato cha Nne na EAACE kwa Kidato cha Sita. Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Jumuiya yenyewe ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1980 Kenya ikaunda Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Vyeti vikaitwa KCE na KACE.

Hapa inafaa tuvuke mpaka wa Namanga kidogo, kwa sababu Watanzania walifanya jaribio ambalo sisi hatukulifanya. Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alikuwa amelalamika kwamba shule zinaandaa wachache na kuwaacha wengi wajione wameshindwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaja na sharti: anayetaka kuingia chuo kikuu kwanza afanye kazi kwa muda, kisha alete mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Kwa maneno yetu, walijaribu kuongeza mashahidi. Alama za mtihani zingesema lao, na waliomwona akifanya kazi wangesema lao.

Jaribio hilo lilikuwa na kasoro zake. Shahidi akiwa ni chama kinachotawala, ushahidi unaweza kugeuka kuwa kipimo cha utiifu. Mkondo wa wanafunzi kwenda chuoni ulipungua, na baada ya miaka michache sharti likaanza kulegezwa, hasa kwa wasichana. Ila swali waliloliuliza lilikuwa sahihi: je, karatasi ya saa tatu inatosha kumshuhudia mtu?

Kenya tulishika njia nyingine. Kamati iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981 ilipendekeza chuo kikuu cha pili pamoja na mfumo wa 8-4-4. Ndiyo iliyokipa Kiswahili nafasi ya somo la lazima, na kwa hilo sisi wa lugha tunaishukuru. Mfumo ulianza mwaka 1985. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989, mwaka uleule ambao KACE ilifanywa kwa mara ya mwisho.

Ningependa msomaji atue kidogo kwenye mwaka huo wa 1989. Kabla yake, Kidato cha Nne kilikuwa na karatasi yake na Kidato cha Sita kikawa na yake. Ya kwanza ilisema umemaliza shule ya upili. Ya pili, kwa zile alama kuu mbili zilizotakiwa angalau, ilisema unaweza kubisha hodi chuo kikuu. Mgawanyo huo haukuwa kamili, kwani hata Kidato cha Nne kilichuja wa kwenda cha tano. Lakini kulikuwa angalau na tofauti kati ya kuhitimu na kufuzu. Kidato cha Sita kilipoondolewa, kazi zote mbili zilianguka juu ya karatasi moja, KCSE. Tangu hapo anayehitimu shule ya upili na anayechujwa kuingia chuo kikuu wanasomwa kwenye herufi ileile.

C+ ina thamani ya nani?

8-4-4 iliingia kwa ahadi ya kujitegemea. Watoto wa msingi walifundishwa useremala, uashi, sayansi kimu na kilimo, na shule za upili zikawa na somo la ujenzi katika KCSE. Kwa kipindi kifupi dola ilikuwa tayari kutia muhuri ujuzi uleule unaofanywa Kware. Lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, wazazi wakachoka kununua mbao za miradi, na masomo ya mikono katika shule za msingi yakaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata yalipokuwapo, mtaani hakuna aliyeuliza kama mtoto anajua kujenga. Waliuliza alama.

Kwa mujibu wa kanuni, C+ ndiyo alama ya chini ya kuingilia kozi ya digrii. Alama za chini yake zina njia zake: C- kwa stashahada, D kwa vyeti vya ufundi, na hata E ina mafunzo yake ya kazi za mikono. Kwenye karatasi hakuna anayeanguka. Kwenye mazungumzo ya matatu na ya kanisani karibu kila asiyefika C+ 'alianguka'. Kiswahili cha mtaani kimewasoma wakubwa vizuri kuliko wanavyojisoma wenyewe: kinajua kwamba mtihani huu ulitengenezwa kutafuta wa chuo kikuu, na wengine wote ni makapi ya ungo.

Na C+ yenyewe haikuwahi kuwa kitu kimoja. Kwa miaka mingi Bodi ya Pamoja ya Udahili, JAB, ilichukua kadiri ya vitanda vilivyokuwapo katika vyuo vikuu vya umma. Maelfu walikuwa na C+ au hata B na hawakuitwa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo ya mfumo sambamba, ambamo mwenye C+ na karo mfukoni alikaribishwa. Hivyo basi, wanafunzi wawili wa darasa moja wenye alama moja waliweza kutengana: mmoja yuko tayari kwa chuo kikuu kwa sababu baba yake aliuza kipande cha shamba, mwingine hayuko tayari kwa sababu nyumbani hakuna cha kuuza. Kajiado, ambako mashamba mengi yameuzwa kwa sababu nyingi, watu wanaielewa hesabu hii bila kuelezwa.

Kisha ukaja mwaka 2016. Mwaka uliotangulia watahiniwa zaidi ya 2,600 walikuwa wamepata A katika KCSE. Baada ya kashfa ya wizi wa mtihani, bodi ya KNEC ilivunjwa, ulinzi wa karatasi ukakazwa, na utaratibu wa kusahihisha na kutoa matokeo ukabadilishwa. Waliopata A mwaka 2016 walikuwa 141. Hakuna anayeamini kwamba akili za vijana wa Kenya zilinyauka ndani ya miezi 12. Kilichobadilika ni shahidi. Wale wa kabla na wa baada wanabeba vyeti vinavyofanana, na mwajiri anayevisoma hana njia ya kujua kipi kilitolewa na ushahidi wa aina gani.

Siku hizi KUCCPS, iliyochukua nafasi ya JAB kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huwatafutia nafasi waliopata C+ kwenda juu. Katika KCSE ya mwaka 2024 walikuwa 246,391 kati ya zaidi ya 962,000, yaani takribani robo. Tunawapongeza. Lakini wale robo tatu, zaidi ya vijana 700,000 wa mwaka mmoja tu, wamepewa karatasi inayoeleza wasichokuwa. Inasema hawakufika. Haisemi walifika wapi.

Umilisi na utendi

Sasa tunaambiwa mambo yatabadilika. Mtaala mpya, CBC ambao siku hizi unaitwa CBE, ulianza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 na kupanuliwa gredi baada ya gredi. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kundi la kwanza lilifanya tathmini ya KJSEA mwaka 2025, likaingia Gredi ya 10 Januari 2026 katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mwaka 2028 kundi hilo litakuwa Gredi ya 12, na taifa litalazimika kulipa cheti.

Neno lililoubeba mtaala huu kwa Kiswahili ni 'umilisi', nalo lina historia inayostahili kuangaliwa. Wanafunzi wa isimu walilijua zamani. Mwanaisimu Noam Chomsky, katika kitabu chake cha mwaka 1965, alitenga mambo mawili. La kwanza ni maarifa ya lugha yaliyo akilini mwa mzungumzaji, na wataalamu wetu wakayaita umilisi. La pili ni lugha inavyotokea mdomoni, pamoja na kigugumizi, uchovu na kusahau, nalo wakaliita utendi. Kwa Chomsky, umilisi hauonekani. Tunachokiona ni utendi, na kutokana nao tunakisia umilisi.

Mtaala umelichukua neno hilo na kulipa kazi iliyo karibu kinyume chake: umilisi ni kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya tukakiona. Silalamiki. Maneno huhama, na Dell Hymes naye alikwisha kulipanua kwa kusema kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua kuitumia na watu. Ila tofauti ile ya kwanza tusiitupe, kwa sababu inatupa tahadhari. Hakuna mtihani uliowahi kuuona umilisi. Kila mtihani huona utendi wa siku moja, mahali pamoja, mbele ya msimamizi mmoja. Mtahiniwa aliyelala njaa, au aliyevuka mto uliofurika asubuhi hiyo, huandika utendi wa siku hiyo. Kadiri tunavyoongeza siku na mashahidi, ndivyo ukisiaji wetu unavyokaribia ukweli. KJSEA imepiga hatua upande huo: asilimia 60 hutokana na mtihani wenyewe, 20 na kazi za shuleni, na 20 na tathmini ya Gredi ya 6.

Viwango navyo vimepewa majina mapya. Mwanafunzi anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia, au yuko mbali nayo. Hakuna anayeanguka. Ni Kiswahili cha huruma, nami nakipenda. Hofu yangu ni kwamba huruma ya msamiati haidumu bila ya utaratibu wa kuilinda. Viwango hivyo vimekwisha kugawanywa mara mbili mbili vikawa vinane na kutiwa pointi, na wazazi wamekwisha kuvigeuza kuwa A na B vichwani mwao, kwa sababu nafasi katika shule zinazotamaniwa ni chache na lazima mtu aachwe. Cheti cha Gredi ya 12 kikitumiwa tena kama karatasi pekee ya kushuhudia na ya kuchuja, 'mbali na matarajio' itakuwa tusi la mtaani kabla ya mwaka kwisha.

Kumwachia shahidi aseme

Nini basi kifanyike? La kwanza ni kutenganisha kazi mbili nilizozitaja. Cheti cha mwisho wa shule kieleze kwa maneno kile ambacho kijana ameonyesha anaweza: aliandaa hesabu za duka, alitafsiri hotuba, alijenga ukuta wa mita kadhaa ukapimwa. Vyuo vikuu navyo, vikiwa na nafasi chache, viseme wazi kwamba vina nafasi chache, na vichague kwa vigezo vyao. Kijana aambiwe 'nafasi zimejaa' pale ambapo zimejaa. Asiambiwe kwamba hafai.

La pili linamhusu fundi wa Kware moja kwa moja. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1959, imewawezesha mafundi kwa miongo mingi kupimwa kwa vitendo na kupewa vyeti vya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, kazi inayofanywa leo na NITA. Sheria ya mwaka 2014 iliunda ngazi kumi za kitaifa za sifa za masomo, na mwaka 2024 ilizinduliwa sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kwa hiyo mlango upo. Unachokosa ni heshima na habari. Ofisa wa ajira anayetupa cheti cha gredi ya NITA pembeni ili atafute herufi ya KCSE anamkataa shahidi aliyeuona ukuta na kumsadiki asiyeuona.

La tatu halihitaji sera mpya. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 inasema cheti cha mtahiniwa kisizuiliwe na mtu wala taasisi. Hata hivyo, vyeti vingi bado vimefungiwa kabatini shuleni kwa sababu ya karo, na kila baada ya muda waziri hutoa amri ileile kwamba viachiliwe. Wengine wamekaa miaka kumi wakiwa watu wa mkono huku karatasi zao zikipata vumbi. Tumeona kwamba cheti ni ujumbe. Anayekizuia amezuia barua ya mtu mwingine, na amemnyamazisha shahidi kwa deni ambalo mara nyingi mzazi ndiye aliyeshindwa kulilipa. Mwalimu mkuu anayedai anayo haki ya kudai, kwa njia nyingine. Cheti si rehani.

Lugha yetu ilikuwa na maneno mawili kwa sababu yalikuwa mambo mawili. Wachache watafuzu kila mwaka, na waliofuzu wana haki ya kushangilia. Walioketi darasani miaka 12 na kumaliza nao wamehitimu, kwa maana ile ya kale ya neno, na kuna watu wanaojua wanachoweza kufanya. Kufikia mwaka 2028 Kenya ina muda wa kutosha kuamua kama cheti kipya kitawasikiliza watu hao.